Korosho Iliyobanguliwa Haioti

Novemba iliyopita, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, tulimzika mama mkubwa katika kijiji kimoja nje kidogo ya Masasi. Wengi waliofika msibani walitoka shambani moja kwa moja, nguo zikiwa na madoa ya mabibo. Mhubiri alitaka mfano utakaomfikia kila aliyesimama pale makaburini, akaupata. Mwili, alisema, ni ganda la korosho. Ganda halina kazi, na mafuta yake yanababua mikono. Thamani iko ndani. Mungu amembangua mama yenu, kiini amekwisha kukichukua mbinguni, na hiki tunachokishusha leo ni ganda tu. Basi msililie ganda.

Watu waliitikia amina, nami nikaitikia. Dada yangu, binti yake marehemu, hakuitikia. Yeye ndiye aliyekuwa akiiosha ile miguu iliyovimba, asubuhi na jioni, kwa miezi minne ya ugonjwa.

Tangu siku ile mfano huo haujanitoka. Simlaumu mhubiri, kwa sababu alichosema kinasemwa makaburini kuanzia Kilwa hadi Newala, katika madhehebu karibu yote, na anayekisema huwa anataka kuwafariji wafiwa. Wapo pia watu wenye akili na imani thabiti wanaokitetea, nami nitajaribu kuwatendea haki. Ila naona kuna upande wa tumaini la Kikristo ambao huku kwetu umeachwa uanguke njiani, na wanaojaribu kuuokota wanaonekana kama wameleta dini ya miradi. Upande huo ni ufufuo wa mwili, na pamoja nao kufanywa upya kwa viumbe vyote.

Nianze na lililo wazi. Kila Dominika tunaungama "ufufuko wa miili na uzima wa milele". Hakuna mstari katika Kanuni hiyo ya Imani unaosema tumaini letu ni roho kuachana na mwili moja kwa moja. Kisha Jumatatu tunakwenda kuzika na kusema kitu kingine.

Mfano wa korosho wenyewe, ukimpa mkulima auchunguze, unamgeukia aliyeutoa. Hakuna anayepanda korosho iliyobanguliwa. Iliyobanguliwa ni ya kukaanga na kuuza. Ya kupanda huchaguliwa nzima, na ganda lake. Unaitia kwenye ndoo ya maji: inayoelea unaiweka kando, inayozama ndiyo mbegu. Halafu unaifukia na ganda lake lile lile lenye mafuta ya kubabua, kwa kuwa humo ndimo chipukizi linamolindwa mpaka mvua ije. Paulo naye, alipoulizwa na Wakorintho wafu wanafufuliwaje, hakuzungumzia ganda. Alizungumzia mbegu. "Hupandwa katika udhaifu, hufufuliwa katika nguvu." Tazama sentensi ilivyokaa: kinachopandwa ndicho kinachofufuliwa. Hakuna vitu viwili hapo, kimoja cha kutupwa na kingine cha kuokolewa. Mkorosho haufanani na korosho iliyofukiwa, na Paulo anakubali hivyo, ila ni mti wa korosho ile na si ya nyingine.

Wanaotetea mahubiri ya ganda watanielekeza kwenye sura hiyo hiyo, ya 15 ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho. Paulo anaita kinachofufuliwa "mwili wa roho", na baadaye anasema nyama na damu haziwezi kuurithi ufalme wa Mungu. Hoja hiyo ina uzito. Lakini neno la Kigiriki analolitumia halitaji malighafi ya mwili, linataja nguvu inayouendesha. Tunaposema mashine ya dizeli, hakuna anayedhani imetengenezwa kwa dizeli. Ni chuma kinachoendeshwa na dizeli. Mwili wa roho ni mwili unaoendeshwa na Roho wa Mungu, usioishiwa pumzi na usioliwa na ugonjwa. Na "nyama na damu" katika lugha ya Biblia mara nyingi ni binadamu katika udhaifu wake wa kufa. Yesu mfufuka aliomba chakula, akapewa kipande cha samaki wa kuokwa, akala mbele yao. Alimwalika Tomaso ayaguse makovu yake.

Sasa upande wa pili, na nguvu zake si ndogo.

Kuna faraja ya papo hapo. Mama aliyefiwa leo hataki kuambiwa mambo ya siku ya mwisho. Anataka kujua mtoto wake yuko wapi usiku huu. Biblia inamjibu. Mnyang'anyi msalabani aliambiwa "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi", na Paulo alitamani kwenda zake akae na Kristo. Ninayaamini hayo yote. Ninalopinga ni kuyafanya mwisho wa safari. Basi la Dar likitoka Mtwara hupita Nangurukuru, na abiria hushuka akapumzika, akala, akawa salama kabisa. Hajafika. Waliolala katika Kristo wako naye, wako salama, na wanangoja kama sisi tunavyongoja.

Nguvu ya pili ya upande ule inanigusa zaidi, kwa sababu imetoka kwenye historia yetu sisi watu wa kusini. Tumeahidiwa nchi mpya mara nyingi mno. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilikuja na mradi wa karanga. Nachingwea ikasafishwa kwa matrekta, bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara, reli ikatandazwa. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata reli iling'olewa. Ikaja gesi. Watu wakaambiana kwamba Mtwara itafanana na Dubai, viwanja vikapanda bei, kisha bomba likaelekezwa Dar es Salaam, na mwaka 2013 mji ukawaka moto na watu wakafa. Mzee aliyeyaona hayo yote akimwambia mjukuu wake "usiweke moyo kwenye ya dunia", hasemi kwa ujinga. Anasema kwa kovu. Waraka kwa Waebrania unamuunga mkono: hapa hatuna mji udumuo.

Lakini wanaosema hivyo na wanaohubiri dunia kufanywa upya hawapingani kama inavyodhaniwa. Ufufuo si mradi. Hauna mfadhili wala awamu ya pili. Hakuna kamati itakayouleta, na hakuna serikali itakayoupindisha njiani. Ni kazi ya yule aliyeivuta dunia kutoka pasipokuwa na kitu, na aliyemtoa Mwanawe kaburini bila msaada wa mtu. Anayehubiri kufanywa upya kwa viumbe kama jina jingine la maendeleo, huyo kweli anastahili kukemewa, na mzee wetu yuko sahihi kumkemea. Mzee amekataa ahadi za watu. Ahadi ya Mungu kwa nchi ni jambo jingine, na sioni kwa nini ikataliwe pamoja nazo.

Linabaki andiko la moto. Petro, katika waraka wake wa pili, anasema nchi na kazi zilizomo ndani yake zitateketea. Wenzangu wanauliza: kitu kitakachoteketea kitafanywaje upya? Nina majibu mawili, na sidai kwamba yanamaliza ubishi. Mistari michache kabla ya hapo Petro anasema dunia ya zamani iligharikishwa na maji, ikaangamia. Na Nuhu aliposhuka safinani alikanyaga dunia ile ile. Kwa hiyo kuangamia, kwa namna Petro anavyolitumia neno hilo, si lazima kuwe kutoweka. Jibu la pili ni kwamba baadhi ya nakala kongwe kabisa za Kigiriki hazina neno la kuteketea mahali hapo; zina neno la kuonekana, kukutwa, kama vile nchi na yote yaliyotendwa juu yake yatafunuliwa, yasiwe na pa kujificha. Hilo linakubaliana vizuri na mahali Petro anapoishia: mbingu mpya na nchi mpya, ambayo haki yakaa ndani yake.

Andiko ambalo mimi siwezi kulipita, hata hivyo, ni Warumi sura ya nane. Nimelisoma mara nyingi, na kila nikilisoma kuna maneno matatu yanayonisimamisha. Paulo anasema viumbe vyenyewe navyo vitawekwa huru na kutolewa katika "utumwa wa uharibifu". Angeweza kusema ugonjwa wa uharibifu, au giza la uharibifu. Amesema utumwa. Na sisi tunaolisoma neno hilo Masasi tumelisoma kana kwamba halituhusu.

Kanisa la Masasi lilianzishwa na watumwa waliokombolewa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, alitoka Unguja na kikundi cha watu waliokuwa wamenusurika katika majahazi ya biashara ile, akashuka nao Lindi, wakatembea kwa miguu kuelekea bara. Nia ilikuwa kuwarudisha makwao, upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, chini ya ile milima ya mawe, wakapenda mahali, wakaomba wabaki. Wakajenga, wakalima. Huo ndio mwanzo. Steere huyo huyo ndiye aliyesimamia ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini, Unguja, juu ya kiwanja cha soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na ni mmoja wa wafasiri wa mwanzo wa Agano Jipya kwa Kiswahili.

Fikiria kuhubiri mfano wa ganda mbele ya watu wale. Kilichouzwa kwao ni nini? Si roho. Hakuna dalali aliyewahi kufungua kinywa cha mtu sokoni ili aone roho yake. Aliangalia meno, mabega, mapaja. Kilichofungwa kongwa ni shingo, kilichopigwa mjeledi ni mgongo, kilichotupwa baharini kilipougua ni mwili. Kama mwili ni ganda, basi dhuluma yote ile ilitendewa ganda, na mfanyabiashara wa Kilwa Kivinje angeweza kulala usingizi mzuri: amechukua kisicho na thamani, chenye thamani kimebaki salama kwa Mungu. Hiyo ndiyo hatari ninayoiona. Mahubiri yanayomfariji mfiwa yanaweza, bila kukusudia, kumfariji na mdhulumu. Ufufuo wa mwili haumwachii mdhulumu nafasi hiyo. Unasema mgongo ule ule utasimama mbele ya Mungu, nao utaheshimiwa. Deni halifutwi kwa kifo cha anayedai.

Paulo hakuishia kwenye miili ya watu. Anasema viumbe vyote vinaugua pamoja na vina utungu pamoja hata sasa. Utungu ni neno la mzazi leba, lina maumivu na lina kitu kinachokuja. Mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoikumba pwani yetu na barabara ya Lindi ikakatika huko Kilwa, nilimsikia mtu akisema dunia inakufa. Paulo angesema ina utungu. Tofauti kati ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti ya matumaini yenyewe.

Hapa kuna swali la mvuvi mmoja Mkristo wa Mikindani ambalo nimelibeba kwa muda mrefu. Ukisoma Ufunuo sura ya 21, Yohana anaona mbingu mpya na nchi mpya, "wala hapana bahari tena". Mvuvi yule aliniuliza kwa uchungu wa kweli: sisi tuliokulia hapa, Mungu anatutoa wapi? Upande wa pili hulishika andiko hilo kama ushahidi kwamba dunia hii itafutwa, bahari ikiwemo.

Nilirudi kwenye kitabu nikaisoma bahari kuanzia mwanzo. Katika sura ya 13 ndimo anamotoka mnyama anayewatesa watu. Katika sura ya 20 inatoa wafu iliowameza. Na katikati, sura ya 18, kuna wafanyabiashara, manahodha na mabaharia wakiulilia mji wa Babeli ulioanguka, na orodha ya shehena zao imeandikwa bidhaa kwa bidhaa. Zimo dhahabu na fedha, vimo vyombo vya pembe, vyombo vya mti wa thamani nyingi, na mwisho kabisa, baada ya kondoo na farasi na magari, "miili na roho za wanadamu". Pembe, mti wa thamani na binadamu. Mtu aliyesimama gati ya Kilwa Kivinje au Mikindani katika karne ya 19 angeweza kuisoma orodha hiyo kwa macho yake kwenye jahazi. Bahari isiyokuwapo tena ni hiyo: njia ya kuwapeleka watu wasikorudi, na kaburi lisilo na alama. Maji ya Mikindani, na pweza wake na changu wake, sioni kama ndiyo yaliyohukumiwa, kwa sababu katika sura ya tano Yohana alikwisha kuvisikia viumbe vya baharini vikimsifu Mwanakondoo pamoja na vya nchi kavu. Na mfufuka mwenyewe, katika Injili ya Yohana, anawangoja wavuvi wake ufukweni alfajiri, moto wa makaa umekwisha kuwaka na samaki wako juu yake. Wapo wanaolichukua neno lile la bahari kama lilivyo, na siwezi kuwalazimisha. Ila nilimpelekea mvuvi jibu hili, naye akasema atalisoma tena.

Nikiri na ugumu ulio upande wangu, kwa sababu upo. Kati ya 1909 na 1913, kwenye kilima cha Tendaguru huku Lindi, mamia ya watu wetu walichimba mifupa ya dinosaria, wanyama wakubwa walioishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita, wakaibeba vichwani hadi bandarini; mmoja wa wanyama hao amesimamishwa leo katika jumba la makumbusho mjini Berlin, ana kimo cha zaidi ya mita 13. Viumbe vile viliugua na kufa kabla hapajakuwa na mwanadamu wa kutenda dhambi. Uharibifu wao ulitoka wapi? Na kufanywa upya kwa viumbe vyote kunawafikia na wao? Nimewasikia wahubiri wakijibu haraka, nami sijaridhika na jibu lolote kati ya hayo. Ezekieli alipowekwa katika bonde la mifupa mikavu, akaulizwa kama mifupa ile yaweza kuishi, alisema tu, "Ee Bwana MUNGU, wajua wewe." Hapo nami nimesimama.

Jirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi katika pwani hii, hawapati shida na mifupa. Msibani kwao husomwa Yasini, na ndani ya sura hiyo kuna yule anayeuliza kwa dharau ni nani ataihuisha mifupa iliyokwisha kuoza, akajibiwa kwamba ni yule yule aliyeiumba mara ya kwanza. Tunatofautiana nao katika mengi kuhusu Yesu, na sitaki kuyafunika. Lakini Mkristo wa Lindi anayedhani kiyama cha mwili ni jambo geni aketi kwenye jamvi la jirani yake asikilize.

Tumaini hili linabadilisha nini shambani na kazini? Wenzangu wanahofu kwamba Injili itaishia kuwa upandaji wa miti, na nimeona makanisa ambako hofu hiyo imetimia. Lakini angalia Paulo anavyofunga sura yake ya ufufuo. Baada ya parapanda na mauti kumezwa, hasemi tukae tuangalie juu. Anasema taabu yenu siyo bure katika Bwana. Mwaka 1905, katika vita vya Majimaji, vituo vya Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, vya Nyangao na Lukuledi viliteketezwa, na mwaka uliofuata wakaanza upya Ndanda, ambako hospitali ilikuja kukua na kutibu watu wa dini zote hadi leo. Watu wanaoamini mwili ni ganda hawajengi hospitali ya namna hiyo. Au wakijenga, matendo yao yana imani kubwa kuliko mahubiri yao. Vivyo hivyo kwa anayeacha mpingo mchanga usimame ingawa atakayeuvuna ni mjukuu, na kwa mvuvi anayekataa baruti wakati wenzake wanarudi na mtumbwi umejaa. Bila ufufuo, kazi hizo ni wema unaopotea. Ukiwapo, ni kazi katika nyumba ambayo Mungu hajaiacha.

Katika suala la moto wa Petro niko tayari kushindwa kwa hoja, na katika suala la bahari niko tayari kusahihishwa. Katika suala la mwili, hapana. Alfajiri ya siku ya kwanza ya juma wanawake walikwenda kaburini na manukato ili waupake mwili, kazi ile ile aliyoifanya dada yangu kwa miezi minne na kwa mara ya mwisho asubuhi ya maziko. Mungu angekuwa anahitaji kiini peke yake, wangelikuta ganda mahali walipoliacha. Kilichokutwa ni sanda.